Aliyesema kweli ndiye asiyerudi kanisani

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 61, na kwa miaka 14 nimekuwa mmoja wa watu watatu wanaotia saini kwenye akaunti ya kanisa letu. Nakuandikia kwa sababu wenzangu barazani wanasema nachelewesha mambo, nami sijui kama nachelewesha au naogopa tu.

Mwaka jana mchungaji wetu aliachishwa kazi baada ya miaka 11. Wakaguzi kutoka makao makuu ya dhehebu walikuta karibu theluthi ya mfuko wa ujenzi haina maelezo. Vifaa vilivyoandikwa kuwa vimenunuliwa havikuwahi kufika, na risiti nyingine ziliandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakubisha. Alisoma karatasi fupi mwishoni mwa ibada ya pili, akasema, "Kama kuna yeyote niliyemkwaza, anisamehe," akashuka madhabahuni na kutoka kwa mlango wa pembeni. Wengine walilia. Wengine walipiga makofi, na mpaka leo sijaelewa walikuwa wanapongeza nini.

Miezi 9 kabla ya wakaguzi kuja, binti aliyekuwa mtunza hazina msaidizi aliniletea daftari. Alikuwa amebandika nakala za risiti kwa gundi, ukurasa kwa ukurasa, na kuzungushia kwa kalamu nyekundu namba zilizojirudia: duka lilelile, tarehe tofauti, namba ileile. Alinikuta ofisini baada ya mazoezi ya kwaya. Nikafungua kurasa mbili, nikalifunga. Nikamwambia, "Mwanangu, usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Wiki iliyofuata alilipeleka jambo barazani mwenyewe, mchungaji akiwa amekaa palepale. Akaulizwa ametumwa na nani. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameondolewa kwenye hazina, na katika kundi la kanisa la simu mtu akamwita Yezebeli. Hakuna aliyemtetea, nikiwemo mimi. Jumapili mbili baadaye hakuonekana, na hajaonekana tena. Daftari lake bado limo kwenye kabati la ofisi.

Nikiri na hili: nilikuwa natia saini hundi tupu tatu au nne kwa mkupuo, ili mchungaji asihangaike kunitafuta katikati ya wiki.

Sasa tuna mchungaji wa mpito. Baraza limepanga ibada kubwa ya shukrani mwisho wa mwezi ujao. Bango limeshachapwa: "Tunayasahau yaliyo nyuma, Wafilipi 3:13." Imepitishwa kwamba baada ya siku hiyo jambo hili lisitajwe tena mimbarani wala vikaoni. Wapo washirika wanaotaka ripoti yote isomwe hadharani, na wapo wanaosema aibu ya nyumba haitolewi nje. Mchungaji wa zamani ametuma ujumbe kwamba angependa kuja siku hiyo "kupeana mkono". Vijana wawili aliowabatiza wameniuliza kama ubatizo wao ulihesabika, nikakosa jibu.

Mama wa yule binti bado anakuja. Anakaa benchi lake la siku zote, la tatu kutoka mbele upande wa dirisha, na pale alipokuwa akikaa bintiye ameweka mkoba. Hakuna anayeomba kukaa hapo, hata kanisa likijaa.

Je, ni kosa kutaka kanisa lisonge mbele?

Mzee wa Baraza

*

Mzee wangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari ya mchungaji na fedha. Mara ya pili niliona hundi tupu. Mara ya tatu sikuona kitu kingine ila ule mkoba. Umeutaja mwishoni kabisa, baada ya bango na ujumbe wa mchungaji, lakini nadhani hata wewe unajua barua ilianzia hapo.

Kutaka kusonga mbele si kosa. Watu wamechoka. Kuna walioacha kutoa, wanaotoa huku wakihesabu kwa jicho la pembeni, na watoto wa shule ya Jumapili waliosikia mambo nusunusu na kujazia wenyewe. Kiongozi anayetaka hali hiyo iishe ana moyo mzuri. Ila sikiliza, mzee wangu: kanisa lenu liliumizwa mara mbili, na mwaka mzima mmetibu jeraha moja. La kwanza alilifanya mchungaji. Hilo limekaguliwa, likaandikiwa ripoti, mtu akaachishwa kazi. La pili mlilifanya ninyi, kikaoni, mkiwa na akili zenu timamu: aliyeleta ukweli mlimgeuza mkosaji. Hilo sidhani kama lina hata mstari mmoja kwenye muhtasari wa vikao vyenu. Ibada ikifanyika kama ilivyopangwa, mama yule ataketi chini ya bango linalomwambia kwamba mwanawe ni sehemu ya "yaliyo nyuma".

Na kwa kuwa bango limechapwa mstari, tuusome mstari. Rudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo ya Wafilipi, uanzie aya ya 4. Paulo anaorodhesha alivyokuwa navyo: ametahiriwa siku ya nane, wa kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, katika haki ya sheria hana lawama. Hivyo ndivyo anavyovihesabu kuwa hasara. Anajivua sifa zake mwenyewe. Mtu huyohuyo hakuficha kwamba aliliudhi kanisa. Amelitaja tena palepale, aya ya 6, na amelitaja kwa Wagalatia na kwa Wakorintho. Kwa hiyo baraza likitaka kuutii mstari huo, lina mengi ya kuyasahau: heshima ya vyeo, viti vya mbele, miaka 14 ya kutia saini. Maumivu ya binti wa watu hayamo kwenye orodha. Bango likunjwe. Najua limegharimu, lakini kuna gharama kubwa zaidi ya hiyo.

Kuna neno lako moja ambalo nalirudia hapa kwa sababu linatumika mno, na linatumika vibaya. "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Zaburi ya 105 inayosema "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hata taifa. Wanaokemewa pale ni wafalme. Sasa jiulize jioni ile ofisini kwenu, kati ya mchungaji mwenye ufunguo wa kila mlango na binti mwenye daftari, nani alikuwa mfalme na nani alikuwa mgeni.

Daudi naye watu humnukuu nusu. Ni kweli alikataa kumuua Sauli pangoni. Lakini hakutoka pale akanyamaza. Alitoka, akamwita mfalme kwa sauti mbele ya watu wake, akainua mkononi upindo wa vazi alioukata, akasema tazama, uone. Alibeba ushahidi akauonyesha hadharani (1 Samweli 24). Binti yako wa hazina alifanya jambo lilelile kwa gundi na kalamu nyekundu, tena kwa adabu zaidi, maana alianza kwako faraghani.

Na aliyemwita Yezebeli afungue 1 Wafalme 21. Yezebeli ndiye aliyeandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, ili Nabothi anyang'anywe shamba. Yaani yeye ndiye mghushi wa nyaraka. Jina la aliyeghushi mlimpa aliyegundua kughushi! Sijui kama mwanamume aliyeleta daftari lilelile angepewa jina la namna hiyo. Nadhani angeulizwa maswali, kisha angeundiwa kamati.

Sasa tuje kwenye mabishano ya kusoma ripoti. Wanaosema aibu ya nyumba haitolewi nje wamesahau kwamba wanaotaka kusomewa wako ndani ya nyumba. Fedha zilikuwa zao. Wengine walitoa ahadi zao za ujenzi kidogokidogo, wakijinyima. Mnapenda 1 Timotheo 5:19, kwamba mashtaka juu ya mzee yasikubaliwe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Aya ya 20 mnaipita haraka, ile inayosema watendao dhambi wakemewe mbele ya wote. Hizo aya mbili ziliandikwa pamoja, ziende pamoja.

Hata hivyo sikushauri msimame na kusoma ripoti ya wakaguzi kurasa zote. Ripoti za namna hiyo zina lugha ya wahasibu. Watu watasinzia au watasikia tarakimu moja tu na kwenda nayo njiani. Andikeni taarifa yenu, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, apitie mwanasheria ili msimtuhumu mtu kwa jambo ambalo halijathibitishwa, kisha isomwe na mwenyekiti wa baraza mwenyewe. Mchungaji wa mpito asibebeshwe, hakuwepo. Ripoti kamili iwekwe ofisini, mshirika yeyote anayetaka aketi aisome.

Katika rasimu hiyo, neno "changamoto" lifutwe. Na "sintofahamu" pia. Najua mtashawishika kuandika "kulijitokeza changamoto katika usimamizi wa mfuko wa ujenzi". Hakuna kilichojitokeza. Mtu alichukua fedha, na watu wengine walimwachia mlango wazi. Semeni ni kiasi gani, katika kipindi gani, ilijulikanaje, nini kimerudishwa na nini hakijarudishwa, na kama jambo limefikishwa kwenye vyombo vya sheria au la, na kwa nini. (Hilo la vyombo vya sheria hukulitaja. Fedha za watu zikichukuliwa kwa risiti za kughushi, hilo halibaki kuwa jambo la vikao vya kanisa peke yake. Na ingekuwa mtoto ndiye aliyeumizwa badala ya mfuko, nisingekuandikia barua ndefu hivi. Ningekwambia nenda polisi leo, kikao baadaye.)

Kisha ije aya ambayo kila mtu barazani atataka ifupishwe. Iseme hivi, au karibu na hivi: "Mtunza hazina msaidizi wa wakati ule alileta jambo hili kwa mzee wa kanisa, kisha kwa baraza, miezi 9 kabla ya ukaguzi. Alichosema kilikuwa kweli. Baraza halikumsikiliza. Lilimhoji kana kwamba yeye ndiye mkosaji, likamwondoa katika huduma, likanyamaza alipotukanwa. Baraza limekosa." Jina lake litajwe au lisitajwe, aamue yeye, na aulizwe kabla. Asije akaambiwa na jirani kwamba leo ametajwa kanisani.

Na lile kundi la simu: mlipomchafulia ndipo pa kumsafishia. Aliyeandika tusi aandike pale pale kwamba alikosea. Akikataa, mwenyekiti aandike.

Usitegemee kwamba siku hiyo kanisa zima litakuwa na hisia moja. Umeniambia wengine walilia na wengine walipiga makofi, ukashangaa. Ezra 3 ina siku kama hiyo. Msingi wa hekalu ulipowekwa upya baada ya uhamisho, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengi wakapiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hakuna kiongozi aliyesimama kuwanyamazisha wanaolia ili wanaofurahi wasikike vizuri. Halafu, na hili nalisema kwa ajili ya wenzako wenye haraka, kazi ilisimama. Iliendelea mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi, yaani 520 kabla ya Kristo, na nyumba ikamalizika 515. Kati ya kuweka msingi na kumaliza kulipita miaka ishirini hivi.

Nawaza hasa wale waliompenda mchungaji na bado wanampenda. Msiwafanye maadui. Aliwazikia wazazi wao. Alikesha nao hospitalini. Mambo hayo yalitokea kweli, na risiti za kughushi hazifuti usiku ule hospitalini, kama vile usiku ule haufuti risiti. Mtu aruhusiwe kusema yote mawili kwa pumzi moja bila kuulizwa yuko upande gani. Mkitaka kuwapa maneno, wapeni Zaburi ya 55. Mwenye zaburi anasema aliyemtukana angekuwa adui, angevumilia. Lakini ni mwenzake, rafiki yake, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Imeandikwa kama vile mwandishi alikaa kwenye benchi zenu.

Kwa sababu hiyo naomba mwezi ujao isiwe ibada ya shukrani. Iwe ya toba na maombolezo. Fupi. Taarifa isomwe, zaburi isomwe, kimya kiwepo, dakika tano za kimya cha kweli ambazo mshereheshaji hazijazi kwa "Amina, tuseme Amina". Kwaya isishindane. Sadaka ya siku hiyo acheni kabisa kukusanya. Watu waone mmekutana siku moja bila kuomba kitu. Shukrani itakuja wakati wake, na mtajua imefika kwa sababu hamtahitaji kuitangaza kwa bango.

Mchungaji wa zamani asije siku hiyo. "Kama kuna yeyote niliyemkwaza" ni maneno ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye foleni. Hayataji tendo, hayataji aliyetendewa, na lile "kama" linaacha mlango wa kwamba pengine hakuna. Torati ina kipimo chake: Hesabu 5:7 inataka mkosaji aungame dhambi aliyotenda, arudishe kamili, aongeze na sehemu ya tano. Zakayo alipozidiwa na furaha alisema atarudisha mara nne. Mchungaji wenu ametaja alichofanya? Amewaletea mpango wa kurejesha, hata wa kidogokidogo? Akifanya hivyo, mpokeeni kama mtu anayetubu, na msimwache nje milele. Kwa Wakorintho Paulo aliomba aliyekwisha kuadhibiwa afarijiwe, asimezwe na huzuni kupita kiasi. Kumsamehe ni jambo moja. Kumrudishia ufunguo na mimbari ni jambo jingine, na la pili halidaiwi na la kwanza. Mkono wake akaupeane kwanza na yule binti aliyeulizwa barazani ametumwa na nani.

Ila mkewe na watoto wake, je? Nao walipoteza kanisa Jumapili ileile, na hawakutia saini hundi yoyote. Kuna aliyewatembelea? Hilo halihitaji azimio la baraza. Mtu mmoja mwenye moyo anatosha.

Vijana wa ubatizo uwajibu leo jioni, ni jibu la dakika mbili. Ubatizo wao ni halali. Swali hili ni la zamani sana. Kaisari Diokletiano alipoanza kulitesa Kanisa mwaka 303, Maandiko yaliamriwa kuchomwa, na baadhi ya viongozi wa Afrika Kaskazini wakayatoa. Baadaye wakatokea Wadonati, waliosema sakramenti inayotolewa na msaliti haifai. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314, yaani mkutano wa maaskofu, uliwakataa, askofu Agostino akabishana nao miaka mingi, na jibu lake lilikuwa kwamba abatize Petro, abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. (Na Yuda, utakumbuka, ndiye aliyeshika mfuko, na Yohana anasema alikuwa akiiba.) Walutheri waliliandika hilo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, Waanglikana wanalo katika kifungu cha 26 cha vile vifungu 39 vya imani yao, na Wakatoliki wanafundisha vivyo hivyo. Waambie vijana waliyempata majini hakuachishwa kazi.

Kuhusu fedha sitakaa sana, maana wakaguzi wameshawaeleza. Paulo aliposimamia mchango wa makanisa hakumtuma Tito peke yake. Alimtuma pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, akasema wazi kwamba anajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8). Wahesabu sadaka wasiwe ndugu wa damu, taarifa ya benki isomwe kila mwezi, hundi tupu isitiwe saini hata malaika akiiomba. Na wewe, mzee wangu, jiondoe kwenye watia saini. Usingoje kuondolewa. Andika barua, useme sababu, ile uliyonikiria mimi. Najua sikuombwa ushauri huo. Hukuiba, na sidhani kuna anayekutuhumu. Lakini kila fedha iliyopotea kwa njia ya hundi ilipita chini ya jina lako, na wanaotakiwa kuamini upya watapata nguvu wakiona mtu mmoja barazani amebeba sehemu yake bila kusukumwa. Uzee wa kanisa si lazima uuache. Kalamu iache.

Ulisema hujui kama unachelewesha au unaogopa. Nadhani unaogopa, na unaogopa nyumba moja tu.

Basi, kabla ya taarifa, kabla ya ibada, anza na mama. Usimsubiri njiani, maana njiani ndipo mnapopunguziana kwa salamu. Baada ya ibada mwombe dakika chache, mkeo awepo. Usiseme "tulikosa", hilo ni la baraza na litakuja lenyewe. Sema "nilikosa". Sema ulifungua kurasa mbili ukalifunga. Kisha mwulize kama bintiye angekubali kukuona. Akikubali, nendeni wawili, wewe na mkeo. Msiende ujumbe wa watu saba wenye suti. Msifungue kwa neno la Mungu. Alishasomewa neno siku ile. Usimwombe arudi kanisani, wala usimwahidi wadhifa, kwa kuwa ataona mnamhitaji ili ibada yenu ipendeze. Usimtake asamehe palepale. Mwambie ulichofanya, mwambie kilichothibitika, mwambie baraza linataka kusema nini na umwulize kama anaruhusu jina lake litajwe. Halafu nyamaza. Akikasirika, pokea. Akisema sasa anasali kwingine na yuko sawa, mshukuruni Mungu kwamba bado anasali. Akikataa kukuona, mwandikie kwa mkono, barua fupi kuliko hii yangu.

Na unapokwenda, pitia ofisini kwanza, fungua kabati, utoe lile daftari. Baraza likihitaji nakala, limwombe yeye. Mkabidhi mwenyewe, mkononi, na kama una ujasiri, uwe umelisoma lote, tangu ukurasa wa tatu.